Glovu ya Kushoto

Jozi thelathini na moja nimekufumia, Hanus,
kila Oktoba jozi moja, sufu ya kondoo wetu wenyewe,
na sindano zangu zilijua kabla ya daktari.
Mwaka ule ulisema, Inabana.
Nikadhani nimekosea kuhesabu vitanzi.
Nikafumua. Nikaanza upya.

Kisha fundo chini ya kidole cha pete,
dogo, gumu, kama changarawe iliyopotea soksini.
Haliumi, ukasema,
na kisichouma, hapa kisiwani, hakiitwi ugonjwa.
Fundo likaota ukamba, ukamba ukavuta.
Sasa kidole kimesujudu mbele ya kiganja,
hakiinuki hata nikikibembeleza kwa maji moto.
Kinanasa mfukoni. Pete tuliivua kwa sabuni na matusi.

Mkono wa mababu, mnauita,
kwa fahari, kama shamba la urithi.
Hakuna aliyeuliza mababu walikufaje.
Baba yako: Februari, zizini, ndoo ya maziwa mkononi,
miaka hamsini na minane.
Tukasema, Moyo.
Mkono hatukuutaja, ingawa ndani ya jeneza
nilijaribu kuulaza juu ya mwenzake
ukakataa kulala.

Jumanne tukaenda Tórshavn kukinyoosha kidole.
Daktari Rannvá, umri wa binti yetu,
alikitazama dakika moja, akakiacha,
akakufunga mkanda juu ya kiwiko, akaujaza hewa.
Ukamkumbusha: Ugonjwa uko huku chini.
Akauliza sukari. Akauliza sigara. Akauliza baba.
Hapo ndipo uliponitazama.

Kidole hakiuui moyo, alisema,
wala si kila mwenye mkono huu ana moyo mbovu.
Ila hawa wawili nawakuta pamoja mara nyingi mno,
kama majirani wasiosalimiana
wanaopita njia ileile.
Kwa nini, hatujajua vizuri.
Nikimwona mmoja, napiga hodi kwa wa pili.

Hodi ikaitikiwa. Namba zilikuwa juu.

Dalili ya mvua ni mawingu, husemwa.
Lakini hapa mawingu yapo siku zote,
ndiyo maana hatuinui macho.

Upasuaji umesogezwa hadi majira ya kuchi.
Kwanza moyo, kidole kitasubiri,
kimezoea kuinama.
Paketi yako ya sigara nimeitia jikoni, motoni,
ukanuna siku mbili, ukaenda kuhesabu kondoo
ambao ulikwisha kuwahesabu.
Usiku naweka kiganja changu kifuani pako
nikidhani umelala,
nahesabu kama nihesabuvyo vitanzi,
na nikikosea naanza upya.

Oktoba imefika. Glovu ya kulia nimeifuma kama zamani.
Ya kushoto nimekipinda kidole palepale kilipopinda,
nikapima kwa uzi ulipokuwa ukikoroma.
Usinishukuru.
Kifuniko cha kopo la vidonge kinakushinda kwa mkono huo,
lete hapa nikufungulie.
Meza.