Piko

Mjomba Nandonde kanikabidhi simu
kama anayekabidhi mtoto mgonjwa.
"Andika," akasema, "lakini usicheke."

Newala, ukungu bado umelala bondeni.
Shati lake linanuka salfa ya mikorosho
na kwenye kola, alama nyeusi:
piko imeshuka na jasho,
imemsema.

Huyu ndiye aliyekaa mkekani posa zetu zote.
Dada zangu watatu hawakuolewa mpaka yeye akohoe.
Alijua lini amkatize mshenga, lini anyamaze,
lini arudishe pesa zihesabiwe upya.

"Muulize Somoe kama amekula.
Hapana, futa. Atadhani nina njaa.
Muulize baridi. Kwao Kitangari ni kali?
Futa."

Akalinyoosha goti la kushoto,
lile linalotangulia redio kutabiri mvua,
akalifunika kwa kanzu
kama vile litaonekana ndani ya ujumbe.

"Mpwa wangu, kijana akikataliwa huhamia Masasi.
Mimi wa miaka sitini na mbili
nihamie wapi?"

Miwani anayo. Imo kwenye mkebe wa biskuti,
chini ya risiti za korosho za msimu juzi.
Havai.
Mkaza mjomba, Mungu amrehemu,
alimpokea na meno thelathini na mawili;
yaliyobaki
hataki mgeni ayahesabu.

Nikaandika: *Somoe, nakukumbuka.*
Nikatuma kabla hajasema futa.

Tukakaa. Jogoo akapita, akarudi.
Mjomba akazungumzia bei ya magunia
kwa sauti ya mtu anayesikiliza kitu kingine.

Simu ikalia. Nikamsomea:
*Na mm pia, xana.*

"Xana? Ndiyo nini hiyo?"
Nikamwonyesha. Akaisogeza mbali, mbali zaidi,
mpaka mkono ukaisha.
"Basi huyu ni kigori! Nimechezewa.
Na aliniambia ana wajukuu wanne."

Nikaitazama ile x,
nikamwona mtoto wa darasa la saba
kajibanza jikoni huko Kitangari,
simu mkononi,
na nyuma yake bibi, khanga mdomoni,
anamwambia: andika, lakini usicheke.

Nilifungua kinywa nimweleze.
Mjomba alishaingia ndani.
Nilisikia mkebe ukigoma, kisha ukafunguka,
risiti zikimwagika sakafuni.

Akatoka, fremu imekaa upande,
kioo kimoja kina ufa,
macho makubwa kama ya mtoto aliyeamshwa.

"Hebu lete," akasema.
"Hiyo x niione mwenyewe."