Daraja

Kipande kilifika kwa posta, Jumanne,
ndani ya kopo la formalini lililozungushiwa plasta,
na fomu imeandikwa kwa penseli
kwa sababu wino wa kalamu uliganda garini.

Jina: Halla. Jike. Miaka kumi na mmoja. Kijivu.
Mahali: bega la kushoto.
Ukubwa: yai la kuku, kwa kauli ya mwenyewe,
Veikko Ruuskanen, mstaafu wa kiwanda cha mbao, Kuopio.
Tangu lini: "Tangu msimu wa beri. Nilidhani mafuta."

Kila mtu hudhani mafuta.
Uvimbe unateleza chini ya ngozi, hauumi,
na kisichouma husamehewa mpaka theluji.

Mimi Halla sijamwona.
Nimemwona amezamishwa kwenye nta,
amechongwa mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
amepakwa waridi na zambarau.
Nje ni saa tisa alasiri na usiku umeshaingia.

Nainamia hadubini. Seli ndefu, zimechongoka,
dagaa walioshikwa na barafu wakiwa bado wanageuka.
Zimeuzunguka mshipa wa damu, mzingo juu ya mzingo,
kama alama ya kidole gumba
cha mtu asiyetaka kujulikana.

Sarkoma. Ukoo naujua; mlango siujui.
Ni mtoto wa ukuta wa mshipa? Wa ala ya neva?
Nyama laini huzaa wanaofanana,
na wote humkana mama.
Ningeweza kuagiza rangi nyingine, euro mia na hamsini.
Jibu lisingebadili kisu.

Basi nahesabu.
Nyanja kumi za kioo, seli zinazojigawa:
moja, tatu,
(simu inalia, naanza upya)
moja, tatu, sita.
Nyama iliyokufa: hakuna.
Pindo lililopakwa buluu: safi pande tatu;
upande wa chini, milimita moja.

Milimita moja. Nairudia kwa rula ya macho
kana kwamba ikipimwa kwa huruma itaongezeka.

Naandika: *daraja la kwanza.*
Si pongezi, si rambirambi.
Daraja tu, na mzee na mbwa wako juu yake,
na mimi kazi yangu ni kusema upana wa mbao,
si kuwavusha.

Nyumbani Nuppu ananilalia miguuni.
Nampapasa shingo, kwapa, mbavu, kinena,
polepole, nikirudi nilikopita.
Anafumba macho.
Anadhani ni mapenzi tu.