Ndoo Tano

Jana nilipata tisa kati ya ishirini na tano.
Juzi, nane.
Kwa mwendo huu shule ya sheria itanipokea
nikiwa na mvi hadi kwenye kope.

Kitabu cha mazoezi nimekinunua Masasi, stendi,
kwa muuza chaja.
Mwenyewe wa kwanza alijibu maswali yote kwa wino.
Wino haufutiki;
nimejifunza kubishana na mtu nisiyemjua.

Leo maji ya Mitema yamepanda mpaka Newala,
nikakiweka kitabu kwapani, nikashika foleni,
na foleni ikageuka swali.

Ndoo tano mbele yangu:
ya Nambije, ya Likwata, ya Fadhina, ya Mandanje,
na ya Chikambo, yenye mpini wa kamba.
Nikazivuruga kichwani, nikazitungia masharti
kama wanavyotutungia:
Fadhina yuko nyuma ya Likwata, hapohapo, pua kwa kisogo.
Nambije si wa kwanza wala wa mwisho.
Mandanje yuko mbele ya Fadhina.
Na Chikambo akimtangulia Nambije,
Mandanje ni wa mwisho.

Nani wa kwanza?

Zamani ningesema Chikambo,
kwa kuwa namjua Chikambo na viwiko vyake.
Hicho ndicho kilichokuwa kikinila alama:
kuwaingiza majirani ndani ya swali
pamoja na tabia zao.

Sasa narudi kinyumenyume,
kama ashukaye bondeni kichwa kimebeba,
akipapasa kwa kisigino.
Mandanje yuko mbele ya mtu, basi si wa mwisho.
Si wa mwisho, basi Chikambo hakumtangulia Nambije.
Chikambo, toka.
Nambije amekatazwa. Fadhina ana kisogo puani.
Likwata? Kati yake na Fadhina hapapenyi hata sindano,
kwa hiyo aliye mbele ya mmoja yuko mbele ya wote wawili.

Mandanje!
Ambaye kwa kweli yuko kitandani na homa,
ndoo yake imeletwa na mtoto.
Nikacheka peke yangu.
Muuza maji akauliza kama nimeokota hela.

Usiku, ukurasa wa arobaini na moja.
*Kama kuna hiki, basi kuna kile.
Kile kipo. Je, hiki kipo?*
Wino unasema ndiyo.
Nikaukata, nikaandika pembeni: si lazima.
Kisha penseli ikasimama.

Maana niliwahi kulisikia swali hili
barazani, mwaka ule wa mikorosho.
Mwenye mikorosho huipulizia salfa, walisema.
Bakiri ameipulizia misimu minne.
Basi mikorosho ni ya Bakiri.

Mama alikaa kwenye benchi, amekunja mikono.
Misimu ile minne mgongo ulimlaza,
akamlipa Bakiri kwa makopa, bila karatasi.
Alijua kuna shimo mahali fulani katika maneno yale,
akalitafuta kwa macho, kwenye sakafu, ukutani,
usoni mwangu.
Nami, msomi wa kidato cha sita,
nilikuwa natikisa kichwa pamoja na wazee wa baraza.
Ilisikika kama kweli.

Si lazima. Maneno mawili tu.
Yangeenea kwenye kiganja.

Nimesahihisha: kumi na saba.
Dakika zimenizidi kumi na moja,
na mtihani ni Jumamosi.
Chumba cha pili Mama anakohoa, anageuka.
Sijamwambia. Nimwambie nini,
kwamba nimeliona shimo,
na mikorosho inachanua kwa Bakiri?

Badala yake naandika, nyuma ya jalada:
*Kama ningejua, tungeshinda.
Sikujua.
Basi tumeshindwa kwa sababu yangu.*

Naisoma taratibu, kama swali la mtu mwingine.
Hii nayo ina shimo mahali.
Nachonga penseli.