Jani la N na O

Kibuye, Jumapili, saa nne, na jua tayari lina hasira.
Nimembeba Amondi mgongoni, miezi tisa, meno manne,
na mkononi nina shilingi mia tatu za kitabu
ambazo nusu saa iliyopita zilikuwa za mafuta ya kupikia.

Wandera ametandika turubai kati ya viatu na sufuria.
Kalamu sikioni, ananiita mteja
kabla sijawa mteja.

Cha kwanza kinang'aa kama sahani ya wageni.
Kimetoka ng'ambo. A, na chini yake tunda jekundu.
Nasema: tofaa.
Herufi inanitazama, nami naitazama.
Ulimi wangu umeanza na T, kitabu kinashikilia A,
na mtoto amwamini nani, mimi au karatasi?
X amepewa marimba, maskini,
kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kumfuata.
Nakirudisha. Si kwa ubaya.

Cha pili ni chetu, Kiswahili kitupu, kipya,
ila kurasa zake ni ganda la kitunguu:
Amondi atakimaliza kabla ya uji.
Tena aliyekitunga alichoka alipofika O.
O ni ofisi, kinasema,
na ndani ya ofisi kuna mtu mwenye tai, hacheki.
Mtoto wa miezi tisa aifanyie nini ofisi?
Namuuliza Wandera, wewe ungeweka nini?
Anajikuna shavu kwa kalamu. Omena, anasema.
Mama wa nyanya anadakia: Omena si Kiswahili!
Na wa vitunguu: Kwani wewe huwanunua kwa lugha gani?
Hapo soko likagawanyika,
nami nikapata nafasi ya kuchakura.

Kilikuwa chini kabisa. Mraba, kadibodi nene,
pembe moja imetafunwa.
Nikahesabu alama: mbili juu, mbili chini.
Mtoto nisiyemjua, msomaji wa kweli.
K ni kiboko, tumbo limefutika kwa kupapaswa.
M ni mwiko. Huo tunao.
U ni unga, pakiti nzima imesimama wima,
na unga ndio ulionifundisha mimi kusoma,
jikoni kwa shangazi, Luanda, kwenye pakiti tupu.
Hakuna aliyejua. Walidhani nazikunja.

Nikamshusha Amondi, nikampangia vyote vitatu.
Mama, akasema Wandera, mtoto hachagui.
Amondi akakiinamia kile cha kadibodi, akafungua mdomo,
akauma palepale alipouma mwenzake.

Mia na hamsini. Mafuta yakarudi nusu.

Ni nyumbani, Manyatta, nilipogundua
kwamba kutoka M kinaruka moja kwa moja hadi P.
Jani la N na O limeng'olewa, au limemezwa.
Sikurudi kwa Wandera.

Sasa kila usiku tukifika kwenye lile pengo
naweka kidole na kusema litakalokuja.
Juzi N ilikuwa nzi, kwa sababu nzi alikuwepo.
Jana ikawa ngege, ingawa sufuriani mlikuwa na sukuma.
Umeme ulipokatika ikawa nipe mkono.
O huniponyoka. Jumanne ilikuwa omena,
nikaitamka kwa nguvu, majirani wasikie,
na kama mama wa nyanya alikuwa karibu, naye asikie.

Leo nimetoka kwenye cherehani miguu imevimba.
Nikafungua kitabu, nikapita kiboko, nikapita mwiko,
nikafika kwenye pengo nikanyamaza.
Nilitaka tuende P tukalale.

Amondi akalitazama pengo.
Kisha akanitazama mdomo.

Oga? nikasema. Ota?

Akakipiga kitabu kwa kiganja, pap,
na bado anangoja.