Lamu Mbili

Karatasi ilifika asubuhi pamoja na picha yake.
Kazi yangu ni kuita majina, kugonga muhuri,
kuwaambia watu waketi.
Lakini Daktari Barasa alikuwa chumba cha upasuaji
na Bi Somoe hakutaka kuketi.
Kuketi ndiko kulikomleta.

"Isome. Mato yangu hayana urafiki na herufi za Kizungu."
Nikasema, Spondi... spondailo...
Nikameza mate, nikaanza tena kwa upande wa pili,
kama mtu apitishaye kitanda kichochoroni Mkomani
na kona imemkataa.

Huyu ndiye aliyenisomesha alifu, be, te.
Miaka ishirini na miwili imepita
na kiganja changu bado chaukumbuka ule mkwaju.
"Fumo. Unafukuzwa na nani?
Ndoo hapa. Moja moja. Kila herufi ina kwao."

Basi palepale, mbele ya dirisha la dawa,
watu kumi na wawili na mtoto mwenye kikohozi,
tukalitia chuoni neno la Wayunani.

Sini kwanza, si sadi; usiijaze kinywa.
Pa, hiyo haimo msahafuni, hiyo ni ya kwetu,
ya papa na pweza, midomo ikutane iachane.
Thaa: "Ncha ya ulimi iguse meno ya juu.
Ncha tu. Wewe si mbuzi."
Na ile i, akasema, isiwe ai.
Nikamwambia daktari husema ai,
hata kifosisi kwake ni kaifosisi,
ndivyo walivyomfundisha chuo kikuu.
"Na Wayunani wenyewe, wale wa kale?"
Siyui, nikasema. Vitabu havina sauti.
Akaguna. Kitabu kisicho na mtu wa kukusomea,
kwake, ni mzigo wa punda tu.

Akahesabu kwa vidole: spo, ndi, lo, li,
ile sini yenye sukuni akaipa kidole chake peke yake,
the, si, si.
"Mizani nane! Kipande kizima cha shairi,
nawe ulitaka kukivunja."
Kisha: "Na humu mna lamu mbili. Sisi tuna moja."
Akacheka mpaka akashika kiuno,
akaacha kucheka.

Alilitamka lote. Mara moja.
Sijapata kulisikia hivyo tena:
kila herufi imevaa, imefunga vifungo,
imesimama mlangoni pake.
Hata kikohozi kilinyamaza.

"Ehe," akasema. "Na maana yake?"

Nikaiinua picha kwenye mwanga.
Pingili juu ya pingili, kama muwa,
mpaka ile ya tano ya kiunoni,
iliyosogea mbele kidogo,
upana wa kidole cha mtoto,
mfano wa mwanafunzi achunguliaye ubao wa mwenziwe.
Spondilo ni pingili. Listhesisi ni kuteleza.
Mikogo yote ile, nikasema,
na ndani hamna ila "pingili imeteleza."

Aliitazama kwa muda.
Miaka hamsini mkekani, shingo chini,
akifuata vidole vya watoto wa watu
mstari baada ya mstari,
na hakuna hata herufi moja iliyoteleza mbele yake
akaiacha ipite.

"Kuteleza si kuanguka," mtu akasema kutoka kwenye benchi,
kwa wema wake.
Bi Somoe hakugeuka. Kugeuka nako kulimuuma.
"Si wewe uliyeteleza," akasema.

Saa tano daktari akaja, mikono bado ina maji,
akaichukua karatasi, akakohoa kidogo.
"Mama, hii inaitwa spondai..."

Bi Somoe akainua kidole.
Nami, bila kujijua,
nikatia kiganja mfukoni.