Alama ya Kumi na Nane

Barabara ya Puolanka ilikuwa barafu tupu.
Niliendesha polepole, fomu kwenye kiti cha pembeni
kama mtoto aliyefungwa mkanda.

Sera ya serikali inasema: nyumbani kwanza.
Mzee abaki kwake, huduma imfuate,
aingie nyumba ya matunzo pale tu
alama zitakapotimia kumi na nane.
Mimi ndiye ninayehesabu.

Tyyne Karppinen alinipokea na gauni la kanisani,
vifungo kutoka kooni hadi magotini, vidogo kama dengu.
Sikuuliza alianza kuvifunga saa ngapi.

Mezani mkate mtamu wa iliki, wa moto bado,
na vikombe alivyonunua Oiva, marehemu,
siku alipouza mbao zake za kwanza.

Unaweza kujipikia?
Akanisogezea sahani.
Sifuri.
Unaweza kuvaa bila msaada?
Akanyoosha kola.
Sifuri.
Huwa unaanguka?
"Nianguke nikienda wapi?"
Akacheka, nami nikacheka, nikaandika sifuri,
jicho langu limetua kwenye vilio la damu
lililochungulia chini ya mkono wa gauni.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Naijua.
Ila methali haikunionya
kwamba wapo wayafichao kwa kuwa tu
mgeni amebisha hodi.

Fomu haina kisanduku cha Urpo
anayetazama kutoka ng'ambo ya ziwa, kila saa moja asubuhi,
kama pazia la jikoni limefunguliwa.
Likichelewa, huvuka barafu kwa miguu.
Msimu huu amevuka mara tano.
Ana miaka themanini na moja, na goti la chuma.
Katika waraka wa wizara
anaitwa "jamii".

Nikajumlisha. Macho, moyo, umbali wa hospitali:
hizo hakuweza kuzifunika kwa kitambaa cha meza.
Kumi na saba.

Mlangoni akanishika kiwiko, sauti chini,
kama msichana nje ya ofisi ya mwalimu:
"Basi, nimefaulu?"
Nikasema ndiyo.
Nikasema, umefaulu vizuri sana.

Nilikuwa nimefika kwenye masanduku ya posta
nilipokumbuka glavu zangu.

Nilimkuta palepale, kwenye kigoda cha viatu,
kifungo kimoja kimefunguka,
vidole vimekataa kifungo cha pili.
Hakuona haya. Alikuwa amechoka mno kwa hilo.
"Alinifunga Urpo," akasema,
"jana jioni. Nimelala nalo, limekunjamana?"

Nikapiga magoti juu ya theluji ya viatu vyangu mwenyewe
nikafungua ishirini na sita.
Sikuhesabu kwa ajili ya kazi.

Kalamu ya ofisi haifutiki.
Ndani ya gari, injini imezimwa,
mkate ukinukia kwenye leso alimoufunga,
nikatoa fomu nyingine, safi,
nikaandika jina lake upya, kwa herufi kubwa.