Siku Tisa

Kituo cha kujiandikisha, shule ya msingi, Buguruni.
Karani akahesabu kwa vidole, kisha kwa simu:
"Hadi siku ya kura utapungukiwa siku tisa, mdogo wangu."
Nyuma yangu foleni ikacheka.

Siku tisa!
Mgambo alipozoa ndizi zangu pale Ilala Boma
hakuhesabu.
Tozo ya kumtumia bibi hela, Kilwa,
haikudai cheti cha kuzaliwa.
Maji yalipoingia chumbani kwetu Jangwani
nilibeba godoro kama mtu mzima,
na Zamoyoni mgongoni, analia.

Haya. Nimerudi kwenye beseni langu.
Ila mgombea akipita Jumamosi na vipaza sauti,
akiniita taifa la kesho,
nitamuuzia ndizi
kwa bei ya leo.